Maumivu ya Kiuno: Yapi ya Kuvumilia na Yapi ya Kuwahisha Hospitali

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata



Malalamiko ya kiuno ni miongoni mwa yale yanayosikika sana katika zahanati, hasa nyakati za palizi na mavuno. Aghalabu mgonjwa hufika akiwa amekwisha kuupa ugonjwa wake jina: mwanamume husema ni ngiri, mwanamke husema ni mkojo mchafu, na wazee huamini kuwa figo zimechoka. Majina hayo matatu yamewagharimu watu fedha nyingi. Figo ikiuma, maumivu hukaa zaidi ubavuni, chini ya mbavu, na mara nyingi huandamana na homa au maumivu wakati wa kukojoa. Ama kiuno cha kawaida, katika kila wagonjwa 10 takriban 9 hawana ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kipimo. Misuli, kano na viungo vya pingili vimeelemewa, na wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki chache.

Ndiyo maana mganga makini huanza kwa maswali, wala si kwa mashine. Huuliza maumivu yalianzaje, kama yanateremka mguuni, kama humwamsha mgonjwa usiku. Humlaza chali na kuinua mguu mmoja ukiwa umenyooka ili kupima kama neva imebanwa; hupima nguvu za vidole vya miguu na hugonga pingili moja moja. Wapo wanaoondoka wakinung'unika kwamba hawakupigwa eksirei. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi neva wala visahani laini vilivyo kati ya pingili. Na mifupa iliyochakaa kwa umri huonekana hata kwa watu wasioumwa kabisa.

Tiba ya hao 9 haina makuu, nayo pengine ndiyo sababu hudharauliwa. Mgonjwa asilale kitandani siku nyingi. Atembee, afanye kazi nyepesi, aongeze kidogo kidogo. Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa siku chache, lakini zikimezwa kwa wiki nyingi bila ushauri huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mjamzito asizitumie pasipo kuulizia kliniki. Kwa maumivu yaliyozidi miezi 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 umesisitiza elimu na mazoezi, na haukupendekeza mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Mikanda hiyo ingali inauzwa minadani.

Anayebaki, yule wa 10, ndiye anayestahili maneno mengi zaidi.

Kifua kikuu, licha ya jina lake, hakikai kifuani pekee. Huweza kushambulia pingili na kuzila polepole kwa miezi, huku mgonjwa hakohoi hata kidogo. Dalili zake ni maumivu yasiyopungua hata mtu akipumzika, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Hatimaye pingili huporomoka, kibyongo hujitokeza, na miguu hulegea. Makohozi yakipimwa na kukutwa salama, hilo halimwondolei shaka mgonjwa wa namna hii, kwani vijidudu vimo mfupani. Atahitaji picha ya mgongo na vipimo vingine hospitalini. Mwenye virusi vya UKIMWI, au aliyewahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, aseme hivyo mapema. Ugonjwa huu hutibika kwa vidonge, vinavyotolewa bure katika vituo vya serikali, ingawa muda wake ni mrefu kuliko ile miezi 6 ya mapafu. Anayechuliwa mgongo miezi minne kabla ya kupimwa huweza kufika hospitali akiwa amebebwa.

Kwa wafugaji iko brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la mnyama kwa mikono mitupu, na huleta homa za kwenda na kurudi pamoja na maumivu ya kiuno na nyonga. Maziwa yachemshwe.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kugoma au kujitokea wenyewe, haja kubwa kutoka bila kujua, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu: neva zinabanwa, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeanguka kutoka juu ya mti au kwenye pikipiki asikunjwe wala kuketishwa. Alazwe juu ya ubao na kubebwa akiwa amenyooka.

Mtoto anayelalamikia mgongo kwa siku nyingi apelekwe kupimwa, na vivyo hivyo mtu aliyewahi kutibiwa saratani.

Anayekwenda zahanati achukue dawa zote alizokwisha kutumia, za dukani na za miti shamba, na aeleze tangu lini anaumwa. Zahanati isipokuwa na kipimo kinachohitajika, mgonjwa aombe barua ya rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya kabla ya kuondoka.