Jina Jipya la Mkimbiaji

Katika pwani yetu hii ya Ruvuma, mtoto atokapo jandoni hupewa jina jipya, na jamaa zake humpokea kwa jina hilo. Leo twataka kusema habari za mkimbiaji aliyepata jina jipya ugenini.

Stephen Cherono alizaliwa Kenya mwaka 1982. Mwaka 2003 akawa raia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Saif maana yake ni upanga. Shaheen ni kozi, ndege wa kuwinda. Mwaka ule ule, mjini Paris, akawa bingwa wa dunia wa mita 3000 kuruka viunzi na maji. Miongoni mwa Wakenya aliowashinda alikuwamo ndugu yake, Abraham Cherono.

Mwaka 2004 Kenya haikukubali afupishiwe muda wa kungoja, akaikosa Olimpiki ya Athens. Siku chache baadaye, huko Brussels, akaweka rekodi ya dunia: dakika 7 na sekunde 53.63.

Sisi twaona jina jipya si aibu. Lakini jina la jando humwingiza mtu zaidi katika jamaa zake. Hili liliwaweka ndugu wawili chini ya bendera mbili. Nanyi mwaonaje?