Somo la Afya: Vyumba vya Moyo na Mishipa ya Ubongo

Wazee wenye masikio mazito wapewe nafasi mbele, karibu na redio. Kila mwanafunzi awe na kalamu na daftari, na mwalimu wa darasa ashike chaki, maana leo kuna picha ya kuchora ubaoni.

Somo letu linahusu moyo na ubongo. Tutajifunza jinsi vyumba vya moyo vinavyobadilika mtu anapozeeka, na jinsi mabadiliko hayo yanavyofungamana na ugonjwa wa mishipa ya damu iliyomo kichwani. Tutakwenda polepole, hatua kwa hatua.

Nianze kwa mfano. Tuseme jirani yako ni mzee wa miaka 70. Jana alikuwa shambani akipalilia. Leo asubuhi ameamka na mdomo wake umekwenda upande. Mkono wa kulia hauinuki. Akisema, maneno hayaeleweki. Watu wanajaa uani. Mmoja anasema, "Amepigwa na upepo mbaya." Mwingine anasema, "Amerogwa kwa ajili ya lile shamba." Lakini ugonjwa huo una jina lake, nao ni kiharusi. Mara nyingi hautoki mbali wala hauletwi na mtu. Dalili zake zingaliweza kuonekana kifuani mwa mzee huyu miaka mingi kabla, kama mtu angalimpima.

NYUMBA YENYE VYUMBA VINNE

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Ndani yake mna vyumba vinne: viwili juu na viwili chini. Mwalimu, chora mraba ubaoni, uugawe sehemu nne.

Vyumba vya juu hupokea damu. Vyumba vya chini huisukuma. Vyumba vya kulia hupeleka damu kwenye mapafu. Vyumba vya kushoto huipokea damu ile ikiwa imekwisha pata hewa safi, kisha huipeleka mwili mzima. Kati ya chumba cha juu na cha chini upo mlango unaopitisha damu upande mmoja tu, ili isirudi ilikotoka.

Mtu akiwa amepumzika, moyo wake husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika moja. Kwa dakika 4 ungeweza kujaza debe. Damu hiyo hugawanywa mwilini. Ubongo ni mdogo sana: katika kilo 100 za mwili, ubongo ni kama kilo 2 tu. Lakini huchukua sehemu 15 hadi 20 katika kila sehemu 100 za damu itokayo moyoni. Kwa hiyo moyo ukipata taabu, ubongo hauwezi kukosa habari.

UKUTA UNAPONENEPA

Sasa tutazame uzee. Miaka inavyopita, mishipa mikubwa ya damu huwa migumu, na msukumo wa damu ndani yake huweza kupanda. Wengi wetu huuita ugonjwa huu presha. Chumba cha chini cha kushoto hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, mchana na usiku, bila ya kupumzika. Basi ukuta wake hunenepa.

Pengine utasema, "Hilo ni jema. Mkono wa mtu anayetwanga kila siku hunenepa, naye hupata nguvu." Moyo si kama mkono. Ukuta ulionenepa kwa sababu ya presha huwa mgumu, na chumba hakilegei vizuri kupokea damu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Presha ndiyo ufa. Tusipouziba, moyo wenyewe huanza kujenga ukuta, na ukuta huo haufai.

Chumba cha chini kikiwa kigumu, chumba cha juu cha kushoto hupata kazi ya kukijaza kwa nguvu. Kuta za chumba cha juu ni nyembamba. Hutanuka pole pole, kama mfuko wa ngozi unaojazwa kupita kiasi. Siku moja chumba kilichotanuka huacha kupiga kwa mpango, kikawa kinatetemeka tu. Hapo mapigo ya moyo huenda ovyo: moja, mawili, kimya, matatu ya haraka, kimya tena.

(Hapa mwalimu asimamishe somo kidogo. Wanafunzi wawili waeleze ubaoni kazi ya kila chumba.)

NJIA MBILI ZA KUFIKA KICHWANI

Shida ya moyo na shida ya ubongo hukutana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya damu iliyoganda. Mnajua maziwa yakikaa katika kibuyu huganda. Damu nayo, ikikaa bila kwenda, huganda. Pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto pana kijimfuko kidogo. Chumba kinapotetemeka tu, damu hukaa ndani ya kijimfuko hicho ikafanya bonge. Bonge likitoka huenda na mkondo wa damu, likapanda shingoni, likaziba mshipa wa ubongo. Sehemu ya ubongo inayonyimwa damu hufa. Hicho ndicho kiharusi. Katika mji wa Framingham, Marekani, madaktari walianza mwaka 1948 kufuatilia afya ya moyo ya wakazi zaidi ya 5,000. Baada ya miaka mingi waliona kwamba mtu ambaye moyo wake unatetemeka hivyo anaweza kupata kiharusi karibu mara 5 kuliko mwenzake.

Njia ya pili ni ya mishipa midogo. Wenzetu wa Kilimanjaro wanajua kazi ya mifereji. Mfereji mdogo ukichimbwa moja kwa moja kutoka mto mkubwa, siku ya mafuriko hupata nguvu yote ya maji. Ndani kabisa ya ubongo imo mishipa myembamba sana ambayo huchipuka moja kwa moja kutoka mishipa mikubwa. Presha ya miaka mingi huipiga. Kuta zake hunenepa, njia ya damu huwa nyembamba, na mingine hupasuka. Vipande vidogo vya ubongo hukosa damu. Mashine ya kupiga picha kwa sumaku huonyesha mahali hapo kama madoa meupe.

Ugonjwa wa njia hii ya pili ni mwizi wa kimya. Mzee huenda asipooze hata mara moja. Lakini mwendo wake unapungua, hatua zinakuwa fupi. Anauliza jambo lile lile mara tatu. Anakaa peke yake, hana furaha. Nyumbani tunasema, "Ni uzee tu." Pengine si uzee tu. Pengine ni mishipa yake midogo inayoharibika.

MASHAHIDI WAWILI WA KESI MOJA

Mwaka 1953, huko Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, bila kumpasua mtu. Kipimo hicho leo kinatumika katika nchi nyingi, na Afrika Mashariki kipo katika hospitali kubwa. Madaktari walipolinganisha picha za moyo na picha za ubongo za wazee, waliona jambo moja mara nyingi: wenye ukuta mnene katika chumba cha chini cha kushoto, au wenye chumba cha juu kilichotanuka, huwa na madoa meupe zaidi kichwani.

Hii ni kwa sababu gani? Sababu moja kubwa ni kwamba presha ile ile iliyonenepesha ukuta wa moyo ndiyo iliyopiga mishipa ya ubongo. Moyo na ubongo ni mashahidi wawili wa kesi moja. Shahidi mmoja akisema, haifai kungoja mpaka wa pili naye aseme.

Lakini tuwe waangalifu. Mambo mawili yakienda pamoja, haina maana kwamba moja limeleta jingine. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jogoo haleti jua. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada. Watu waliopata kiharusi kisichojulikana sababu, wenye dalili za udhaifu katika chumba cha juu lakini bila ya kutetemeka, walipewa dawa kali ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo haikuwakinga kuliko aspirini. Kwa hiyo usikimbilie dawa kali kwa sababu ya chumba kilichotanuka peke yake. Daktari ndiye mwenye kuamua.

HABARI ZA KWETU

Usidhani haya ni magonjwa ya watu wa Ulaya. Kati ya miaka 2003 na 2006 ulifanywa uchunguzi wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika Dar es Salaam. Ilionekana kwamba kiharusi kipo kwa wingi kwetu, na Dar es Salaam kilizidi. Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapima wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na zaidi. Karibu 70 katika kila 100 walikuwa na presha. Wengi wao hawakujua.

Hapo ndipo penye uchungu, ndugu zangu. Presha haiumi. Mtu hula, hucheka, huenda sokoni, na huku ukuta wa moyo wake unanenepa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, pima presha, hata kama husikii ugonjwa. Utapewa namba mbili. Ziandike katika daftari lako pamoja na tarehe. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na zikirudi hivyo siku nyingine, daktari atakueleza la kufanya.

Pili, ukipewa vidonge vya presha, vimeze kila siku kama ulivyoagizwa. Wengi huacha wakisema, "Nimepona." Hujapona, vidonge ndivyo vinavyoshika presha chini. Tena kushusha presha hulinda ubongo. Mwaka 2019 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba watu walioshushwa presha zaidi, madoa meupe kichwani mwao yaliongezeka polepole kuliko ya wenzao.

Tatu, punguza chumvi. Mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu pamoja na chumvi iliyomo katika papa na ng'onda. Acha tumbaku. Tembea kila siku kadiri ya nguvu zako.

Nne, jifunze kusikiliza mapigo. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupata kati ya 60 na 100. Mapigo yakienda ovyo, nenda hospitali ukapimwe moyo. Kwa wenye moyo unaotetemeka, zipo dawa za kuzuia damu isigande, ambazo huweza kupunguza viharusi kwa kiasi cha theluthi mbili. Lakini huweza kumtoa mtu damu. Usimpe jirani dawa zako, wala usichukue zake.

Tano, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile. Usimpe chakula wala aspirini, maana huenda mshipa umepasuka. Andika saa aliyoanza kuugua. Dawa ya kuyeyusha bonge, mahali inapopatikana, hutolewa katika saa 4 na nusu za kwanza, baada ya kupiga picha ya kichwa. Karatasi yako yenye saa hiyo yaweza kumwokoa mgonjwa.

Ndugu mwanafunzi, umejifunza kusoma na kuandika ukubwani. Wengine walikucheka. Leo unaweza kusoma kadi ya presha ya mama yako na kumwambia namba zake. Hiyo ni kazi kubwa.

MASWALI YA DARASA

1. Chumba gani cha moyo hunenepa ukuta kwa sababu ya presha?
2. Kwa nini damu huganda katika chumba kinachotetemeka?
3. Taja dalili tatu za kiharusi.
4. Mzee wa nyumbani kwenu ameanza kusahau na kutembea polepole. Utafanya nini? Jadilianeni.

Kazi ya nyumbani: hesabu mapigo ya watu wawili wa nyumbani kwako. Andika umri wao na namba ulizopata, uzilete darasani.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, na wasalimieni wazee.