Vifaa Vyetu Navyo Vielewane: Hotuba kwa Wakazi wa Ekerenyo



Katika soko la Sondu, Mgusii, Mjaluo na Mkipsigis hukutana kila mmoja na lugha ya kwao. Biashara haikwami, kwa sababu wanaelewana kwa Kiswahili. Vifaa vya kisasa navyo vinahitaji lugha kama hiyo.

Chukua mkulima aliyenunua kipima unyevu wa udongo kwa kampuni moja na pampu ya maji kwa nyingine. Udongo ukikauka, kipima kinajua lakini pampu haipati habari. Mkulima anabaki kuwa tarishi kati yao. Kampuni moja ikifunga, rekodi zake huenda zikapotea nayo.

Dawa ipo. Mwezi Aprili 2020, shirika la W3C linaloweka viwango vya wavuti liliidhinisha kiwango cha wazi cha kueleza kifaa: kinapima nini, kinapokea amri gani, kinafikiwa kwa anwani ipi na kinalindwa vipi. Mfumo wowote unaofuata kiwango hicho unaweza kusoma maelezo hayo, na kukitumia hakulipiwi.

Basi, kabla chama hakijalipia kipimajoto cha tangi la maziwa au mita ya maji, muuzaji aulizwe: Kinafuata kiwango gani cha wazi? Mfumo wa kampuni nyingine unaweza kukisoma? Mkataba ukiisha, rekodi ni za nani?

Majibu yaandikwe kwenye mkataba, kabla ya pesa kutoka.