Mashine ya Kutia Mfukoni
(Maneno waliyoambiwa wanachama mkutanoni Waa)



Huko kazini tumeambiwa kwamba madaftari ya kukagulia mabehewa yataondolewa, na badala yake tutapewa mashine ndogo za mkononi. Basi tumeona vema tuseme mashine hizi zilianzaje.

Si jambo la jana. Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa mashine ya mkononi ya kuwekea majina, nambari na hesabu. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ya Marekani ikatoa Newton. Hiyo ilijigamba kuusoma mwandiko wa mtu, lakini uliandika hili, yenyewe ikasoma lile, watu wakaicheka. Bei yake karibu dola 700, na mfukoni haiingii. Ikaachwa mwaka 1998.

Jeff Hawkins wa kampuni ya Palm alifanya vingine. Kabla ya kuunda mashine alichukua kipande cha mti cha ukubwa alioutaka, akatembea nacho mfukoni. Akitaka kuandika miadi hukitoa na kujifanya aandika. Mashine yenyewe, Pilot, ilipotoka mwaka 1996 ilienea upesi, maana iliingia mfuko wa shati na kutumia betri mbili ndogo tu. Bwana huyu alikuwa tajiri wa kampuni, si kibarua, lakini alibeba mwenyewe kwanza.

Kwa jirani zetu, mwaka 2004, mashine za namna hii zilitumiwa pande za Lindi na Mtwara kuuliza habari za afya katika nyumba zaidi ya 20,000. Desturi ilikuwa karatasi zipelekwe ofisini, makarani wazinakili katika kompyuta, mara nyingi mara mbili ili makosa yaonekane. Safari hii muulizaji aliandika pale pale mlangoni. Kazi ilikwenda upesi, hatukatai. Lakini ile kazi ya kunakili haikuwako tena.

Hapo ndipo penye shaka yetu. Makarani wetu watapelekwa wapi? Mashine ikianguka relini usiku, nani atalipa? Betri ikifa katikati ya zamu, daftari litakuwapo? Na je, atakayeibeba ataijaribu kabla haijanunuliwa?

Maswali haya manne katibu ameyaandika, atayapeleka kwa wakubwa. Mwenye la tano amwone leo, kabla hatujarudi kuvuka Likoni.