Pango la Nyumba Si Faida Yote

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya nyumba za kupangisha. Kwa sisi watumishi wa Serikali jambo hili si dogo. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60, na wengi wetu tumeshaanza kukipigia hesabu kiinua mgongo. Kila tukutanapo twasikia shauri lile lile: "Jenga, upangishe, ukae ule." Sisemi shauri hilo ni baya. Nasema tulipime kwa kalamu kabla ya kulipima kwa tofali.

Wadogo zetu, fuateni hesabu hii. Tuseme nyumba pamoja na kiwanja imegharimu shilingi milioni 60, na mpangaji analipa 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,800,000, yaani asilimia 8 ya fedha iliyotumika. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Lakini mpangaji akihama, nyumba ikakaa tupu miezi miwili, zimebaki 4,000,000. Kodi ya Serikali juu ya pango, asilimia 10, ni 400,000. Rangi, bati linalovuja, bomba na choo kilichojaa, tuweke 600,000. Kilichobaki ni 3,000,000. Asilimia 8 imekuwa 5, na kwa mwendo huo fedha itarudi baada ya miaka 20. Aliyejenga akiwa na miaka 60 atakuwa na 80.

Sasa tuseme fedha yote ni ya mkopo, kwa riba ya asilimia 15. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni milioni 9, na nyumba inaleta 3. Milioni 6 nyingine zitatoka katika mshahara na karo za watoto. Mtu huyo hana kitega uchumi. Amejiongezea mtoto wa kulea.

Mtaniambia kwamba thamani ya ardhi hupanda. Ni kweli, mahali pengi imepanda, na pango nalo laweza kupandishwa bei za vitu zikipanda. Lakini thamani hiyo hailiwi mpaka nyumba iuzwe, na nyumba haiuzwi kwa siku moja kama gunia la mahindi. Mtoto akiugua usiku, huwezi kung'oa dirisha ukalipeleka hospitali. Kwa hiyo si busara kutia kiinua mgongo chote ukutani. Sehemu na ikae benki, au katika hatifungani za Serikali, ambazo hulipa riba kila miezi sita na hazina paa la kuvuja.

Iko hatari ya mahali. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba watu wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Kiwanja cha bei rahisi kiulizwe kwanza: maji hupita wapi, na je, kimepimwa na kina hati?

Iko pia hatari ya sheria. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Siasa ya leo si ile, lakini nyumba ya miaka 50 itaona sheria nyingi.

Atakayejenga, basi, ajenge kwa akiba yake, kidogo kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina kelele nyingi, lakini akihama mmoja, watano bado wanalipa. Na akipokea pango la miezi sita kwa mara moja, akumbuke kwamba ni chakula cha miezi sita, si cha sikukuu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wadogo zetu, asilimia mnazofundishwa hapa ndizo zitakazowalinda ninyi na wazazi wenu. Akija baba likizo ijayo na ramani ya nyumba, mwombeni kwa adabu mkae naye mwandike hesabu hiyo pamoja.