Nani Aliruhusiwa Kucheza? Ubingwa wa Tenisi wa Marekani Enzi za Nyasi



Historia ya michezo tumezoea kuisoma kupitia orodha ya mabingwa. Jioni ya leo nawaomba tuisome kupitia kanuni za kuingia uwanjani, maana huko ndiko mambo mengi yalikoamuliwa kabla mpira haujapigwa.

Mashindano ya taifa ya wanaume nchini Marekani yalianza mwaka 1881 kwenye nyasi za Newport Casino, klabu ya matajiri waliokwenda pwani ya Rhode Island kupumzika majira ya joto. Kuanzia 1884 kanuni ilimpendelea bingwa. Wengine walitoana jasho raundi baada ya raundi, naye akasubiri kucheza na yule mmoja aliyebaki. Kwa utaratibu huo William Larned alitetea taji lake kuanzia 1908 hadi 1911 kwa mechi moja tu kila mwaka. Alikuwa hodari kweli. Mataji saba hayaokotwi. Lakini mpinzani aliyefika mbele yake alikuwa amekwisha kuchoka, na hilo naliona ni dhuluma iliyovishwa vazi la desturi.

Maurice McLoughlin aliionja mwaka 1911, Larned akiwa na umri wa miaka 38. Kijana huyu alikulia katika tenisi ya California, kwenye viwanja vya umma vya sakafu ngumu, ambako mpira hudunda juu na kwa kasi. Huko alijijengea servisi kali na tabia ya kukimbilia wavuni. Juu ya nyasi, ambako mpira huteleza na kubaki chini, servisi ile ilikuwa balaa. Mwaka 1912 kanuni ya kumlinda bingwa ikafutwa, na McLoughlin akatwaa ubingwa baada ya kupoteza seti mbili za mwanzo za fainali.

Fainali ya mwisho ya Newport, mwaka 1914, ilimpa ushindi Richard Norris Williams dhidi ya McLoughlin huyohuyo. Miaka miwili nyuma Williams alikuwa amenusurika katika ajali ya meli ya Titanic, na miguu yake ikaharibiwa na baridi kiasi cha kushauriwa ikatwe. Alikataa.

Mwaka 1915 mashindano yalihamia Forest Hills, New York, karibu na wachezaji wengi na watazamaji wengi. Umbali ukapungua. Ubaguzi wa rangi haukuguswa.

Wamarekani Weusi, waliofungiwa nje, waliunda chama chao mwaka 1916 mjini Washington. Mwaka uliofuata wakafanya mashindano yao ya taifa katika bustani ya Druid Hill, Baltimore. Tally Holmes alishinda upande wa wanaume, Lucy Diggs Slowe upande wa wanawake. Slowe, ambaye baadaye alikuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Howard, anastahili kutajwa kila Larned anapotajwa, na wanafunzi wangu nawasihi wamtaje.

Forest Hills haikumruhusu mchezaji Mweusi hadi 1950, alipoingia Althea Gibson. Mwaka 1957, juu ya nyasi zilezile, alimshinda Louise Brough katika fainali akawa bingwa wa Marekani.