Mayai yenye Sura za Vizuka katika Karamu ya Halloween

Kila mwaka, ifikapo tarehe 31 Oktoba, mitaa ya miji ya Marekani hubadilika sura. Maboga yaliyochongwa macho na meno huwekwa vizingitini, utando wa bandia wa buibui hutandazwa juu ya vichaka, na watoto waliovaa mavazi ya kutisha hupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Kwa familia zilizohamia huko kutoka Mombasa, Bujumbura, Unguja au Bukavu, usiku huo huja na maswali yake, na mara nyingi swali la kwanza hutangulia usiku wenyewe. Hufika mkononi mwa mtoto, katika kikaratasi kutoka kwa majirani: watoto wa jengo lote watakuwa na karamu, na kila nyumba inaombwa kuleta chakula kimoja chenye sura ya kutisha.

Na ichukuliwe mfano nyumba moja ya namna hiyo, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Mtoto ana umri wa miaka minane na hataki kabisa kuwa yeye pekee atakayefika mikono mitupu. Baba anasema ni upuuzi, lakini hakatazi. Mama anafikiri juu ya gharama, juu ya nyama ya nguruwe ambayo hujificha katika vitafunio vingi vya huko, na juu ya muda, kwa kuwa anarudi kazini saa kumi na moja jioni. Anaamua kupika mayai. Ni uamuzi wa busara, ingawa si rahisi kama ulivyokuwa zamani. Kutokana na homa ya mafua ya ndege iliyoangamiza mamilioni ya kuku wa mayai nchini Marekani tangu mwaka 2022, wastani wa bei ya dazeni moja ulipanda hadi dola 6 na senti 23 mwezi Machi 2025, kabla ya kushuka tena.

Pingamizi halitoki kwa baba. Linatoka kwa bibi, aliyekuja kuwatembelea.

"Mwanangu, yai si kitu cha kufanyia mchezo wa mizimu," anasema. "Kwetu, yai likionekana njia panda alfajiri, mtu huzunguka akapita mbali. Leo wewe unataka kulichora na kuwapa watoto wa watu?"

"Mama, hili litaliwa, halitatupwa njia panda," anajibu mama wa mtoto.

Neno la bibi halipaswi kuchekwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yai limo katika vifaa vya waganga, na aliyekulia katika mazingira hayo hawezi kulazimishwa kuona mzaha mahali ambapo wenyeji wa Ohio wanaona mzaha. Tena jambo huzidi uzito mtu akisikia jina la Kiingereza la chakula chenyewe. Mayai ya kuchemsha yaliyokatwa katikati, yakatolewa kiini na kujazwa tena, huitwa kwa jina lenye neno shetani ndani yake. Asili ya jina hilo, hata hivyo, ni jikoni. Katika karne ya 18 Waingereza walianza kulitumia neno hilo kwa chakula chochote kilichotiwa pilipili au haradali kwa wingi, kwa sababu ya ukali na moto wake. Wala si wageni peke yao wanaolionea shaka. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani wako waumini ambao hupeleka mayai hayohayo kwenye chakula cha pamoja kanisani, lakini huyaita mayai ya kujazwa au mayai yaliyopambwa, ili jina la adui lisitajwe mezani.

Chakula chenyewe ni kikongwe kuliko jina. Warumi wa kale walikula mayai ya kuchemsha yaliyotiwa michuzi ya viungo. Katika Andalusia ya Waislamu, karne ya 13, kitabu cha mapishi kilichoandikwa kwa Kiarabu kilieleza jinsi ya kutoa viini, kuviponda pamoja na giligilani, maji ya kitunguu, pilipili manga, mafuta na chumvi, kuvirudisha ndani ya weupe wa yai, kisha kuvifunga vipande viwili pamoja kwa kijiti. Na anayepita vituo vya mabasi vya Nairobi jioni hahitaji kitabu: muuzaji huchana yai la kuchemsha, hujaza kachumbari na pilipili, na mayai pasua yako tayari. Mama wa Columbus anapomkumbusha bibi hayo mayai pasua, sura ya bibi hulegea kidogo.

Kuhusu sikukuu yenyewe, inatosha kusema kwamba mizizi yake hutafutwa kwa Wakelti wa Ireland na Uingereza, ambao waliadhimisha mwisho wa mavuno na mwanzo wa giza la baridi, na kwamba Kanisa baadaye liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Halloween ni mkesha wake tu. Mkatoliki wa Burundi, ambako siku hiyo ya Watakatifu ni ya mapumziko kitaifa, anaijua kesho yake hata kama haujui usiku uliotangulia. Wairishi waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 waliichukua mila hiyo hadi Marekani. Huko kwao walichonga sura katika tanipu, na ng'ambo wakakuta maboga, makubwa zaidi na mepesi kuchonga.

Sasa jikoni, ambako kazi kubwa iko katika kuchemsha na kumenya; kupamba ni mchezo. Anayetoka Dar es Salaam, alikozoea kuona trei za mayai zimepangwa dukani bila ubaridi wowote, hushangaa kuyakuta mayai ya Marekani ndani ya majokofu. Sababu ni kwamba huko mayai huoshwa kabla ya kuuzwa, na kuosha huondoa utando mwembamba wa asili unaoziba vitundu vya ganda. Yai lililovuliwa utando huo lisiachwe nje.

Kwa kuchemsha, yai lililokaa wiki moja jokofuni ni bora kuliko lililotagwa jana. Yai linapokaa, hewa ya ukaa iliyomo hutoka polepole kupitia ganda, weupe wake huacha kushikamana na ngozi ya ndani, na kumenya huwa rahisi. Mayai 12 hushushwa kwa kijiko katika maji yanayochemka, huachwa kwa dakika 11 au 12, kisha huhamishiwa mara moja katika bakuli la maji ya barafu. Asiyejali muda huo atakuta kiini kimezungukwa na duara la kijivu lenye ukijani, ambalo hutokana na chuma cha kiini kukutana na salfa ya weupe pale moto unapozidi. Duara hilo halina madhara, na kwa usiku wa vizuka mtu angeweza hata kulipenda, lakini huja na harufu isiyopendwa na watoto.

Nusu ya mayai hutengwa kwa ajili ya utando wa buibui. Haya hayamenywi kwanza. Ganda hugongwagongwa kwa mgongo wa kijiko mpaka lote lijae nyufa, bila kubanduka, kisha mayai hulazwa usiku kucha jokofuni ndani ya maji ya rangi. Njia hii wameitumia Wachina tangu zamani katika mayai yao ya chai, yanayolowekwa katika chai nyeusi, mchuzi wa soya na viungo. Chai kavu iliyokolea hutoa mistari ya hudhurungi. Rangi nyeusi au ya buluu ya kutengenezea keki hutoa mistari mikali zaidi. Asubuhi ganda linapoondolewa, kila mahali palipokuwa na ufa pana mstari, na yai zima limefunikwa na utando ambao hakuna mkono ungeweza kuuchora. Hakuna mayai mawili yanayofanana. Mtoto apewe kazi hii ya kumenya, maana hapo ndipo furaha yote ilipo. Mayai hayo huachwa mazima, yakapangwa juu ya sukumawiki iliyokatwakatwa nyembamba.

Wapo wanaopenda rangi za mimea. Maji ya bitiruti hulipa yai lililomenywa wekundu wa zambarau. Kabichi ya zambarau hufanya maajabu zaidi: maji yake ni ya zambarau, lakini yakigusa weupe wa yai, ambao asili yake ni kinyume cha tindikali, hugeuka buluu na hata kijani. Watoto hawaamini mpaka waone.

Mayai mengine sita hukatwa katikati kwa urefu, yakatoa vipande 12. Viini hupondwa kwa uma mpaka viwe laini, vikachanganywa na robo kikombe cha mayonezi, kijiko kidogo cha haradali, kijiko kidogo cha siki, chumvi na pilipili manga. Mpishi wa pwani ataongeza bizari ya manjano kidogo ili rangi ikaribie ile ya boga. Mchanganyiko hutiwa katika mfuko wa plastiki uliokatwa pembe moja, na kukamuliwa katika mashimo ya weupe. Kwa kutengeneza buibui, zeituni nyeusi isiyo na kokwa hukatwa katikati. Nusu moja huwa mwili, na nusu ya pili hukatwa vipande vyembamba vinane viwe miguu, vinne kila upande. Anayeweka sita ametengeneza mdudu mwingine, na mtoto wa miaka minane hatakosa kulitaja kosa hilo mbele ya wageni. Kwa jicho, kipande cha mviringo cha zeituni ya kijani iliyojazwa pilipili tamu nyekundu huwekwa juu ya kiini, na mistari myembamba ya mchuzi wa nyanya huvutwa kwa ncha ya kijiti juu ya weupe, kama mishipa ya damu. Vijiti vyenyewe visibaki katika chakula cha watoto wadogo, na zeituni nzima pia haziwafai, kwa hofu ya kukabwa.

Kutisha kwa kweli katika sahani hii hakutoki kwa mizimu. Yai lililochemshwa na kumenywa ni chakula ambacho vijidudu vya salmonella na vingine hukipenda sana. Maelekezo ya wakuu wa afya nchini Marekani ni kwamba lisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, au saa moja pale joto linapozidi nyuzi 32 za Selsiasi. Karamu za watoto, kama inavyojulikana, hazina saa mbili. Kwa hiyo sahani hutolewa kwa mafungu, nusu sasa na nusu baadaye, na fungu la kwanza likibaki baada ya muda huo hutupwa bila huruma.

Hatari nyingine ni ya watoto ambao miili yao haivumilii mayai. Yai limo katika orodha ya vyakula tisa ambavyo sheria ya Marekani inataka vitajwe wazi kwenye vifungashio, na kwa sababu hiyo shule nyingi hukataa kabisa vyakula vilivyopikwa nyumbani. Katika karamu ya majirani hakuna kifungashio. Mama wa Columbus huandika kwa mkono wake kadi ndogo na kuisimamisha mbele ya sahani: yana mayai, haradali na zeituni, hayana nyama ya nguruwe. Jambo la yai, lingeonekana dhahiri, lakini yai lililogeuka kijani chini ya buibui mweusi halitambulikani upesi na mtoto wa miaka mitatu, wala na mlezi wake aliye katika mazungumzo.

Vipande viwili hubaki nyumbani, jokofuni, vikimsubiri bibi. Huvila usiku huo na kachumbari, baada ya kumng'oa buibui na kumweka kando ya sahani.